Geuza kiti chini-juu mbele ya kulipa

Bwana Muhariri, jambo sana kwenu wote mu redaksio.

Niko musomaji wenu wa hapa Bukavu, komini ya Kadutu, na ninaandika juu ya viti za rotini, ule mumea wa pori wenye kukunjika, zile viti zenye watu wengi wanaweka mu saloni ao ku baraza, maana ninaona watu wanapoteza makuta yao sawa vile miye nilipotezaka yangu.

Mwaka jana nilinunua viti ine na meza yake ndogo. Zilikuwa zinangaa, verni nzito, mito ya kitenge juu, mama watoto akasema hizi njo zenyewe, tukalipa. Haikupita miezi tano, asubuhi moja ninafagia nikaona chini ya kiti unga mweupe, laini sawa unga wa muhogo. Nikafagia. Kesho yake unga iko tena pale pale. Nikageuza kiti, nikakuta ku muguu vitundu vidogo sana sawa umetoboa na sindano, nikagonga na kidole, unga ikamwangika zaidi. Wadudu walikuwa ndani siku nyingi na ile verni ilifunika yote. Siku kidogo kisha mama yangu muzazi akakaa, muguu ikavunjika, akaanguka. Hakuvunjika mufupa, asante Mungu, lakini ana miaka mingi na ile siku niliogopa kabisa.

Njo nikatafuta mufundi wa kutengeneza, muzee mumoja anafanyiaka kazi inje kando ya barabara, nikakaa naye siku muzima ninaangalia. Rotini haiko bambu, njo neno yake ya kwanza. Bambu ndani iko tupu, rotini ndani imejaa, njo maana ukiipitisha ku moto inakunjika bila kuvunjika, inafanya ule mviringo wa mukono wa kiti. Inapandaka juu ya miti mu pori kubwa za upande wa Shabunda na Walikale, iko jamaa moja na ngazi yetu ya mafuta, na miiba yake ni mikali, watu wa Kinshasa wanaiitaka kekele. Wakishaikata inapaswa kukauka vizuri, lakini hapa kwetu mvua inaanza mwezi wa tisa inatupeleka paka karibu mwezi wa sita, basi mwenye haraka anaitengeneza ikingali mbichi, ikikaukia mu nyumba yako inanyauka na viungo vyote vinalegea.

Kamba ya kufungia anaipasua ku ngozi ya rotini yenyewe, analowesha mu maji, anaizungusha pale muguu inakutana na kikalio, anavuta na mikono mbili. Ikikauka inajikaza yenyewe. Ukiona pale kuna musumari tu bila kamba, acha hiyo kiti, musumari peke yake inapasua rotini.

Kuna pia ile ya plastiki yenye kufanana nayo, na hiyo sisemi ni mbaya, kama kiti italala inje ku mvua heri ununue hiyo, juu rotini yenyewe haipendi mvua wala jua kali. Ila wasituuzie plastiki kwa bei ya rotini. Na ndugu wa Lubumbashi, kule kwenye kiangazi iko mirefu, wapanguse viti zao na kitambaa chenye maji kidogo, la sivyo zinapasuka.

Kama mu nyumba kuna muzee, mupeleke akae mwenyewe ku kiti mbele hamujalipa, muone kama anaweza kusimama bila kumuvuta. Zile za chini sana zinapendeza ku macho lakini magoti ya wazee haiziwezi, sentimetre 45 ku kikalio njo inafaa.

Sasa ombi langu kwa wauzaji wa viti hapa mujini, ninawaomba kwa heshima: acheni chini ya kiti bila verni. Pakeni juu vile munataka, lakini chini mutuachie rotini wazi tuone rangi yake, tuone vitundu, tuone kamba. Mufundi mwenye kazi yake ni nzuri hatapoteza mununuzi hata mumoja kwa hiyo, na yule muzee wangu anafanyaka vile tangu zamani, kiti ya mama alinirudishia na chini yake iko wazi mupaka leo.

Musomaji wenu,
Kadutu, Bukavu