Bodi ya faiba isiwafiche kutu wanunuzi wa Lotus Elan

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua tuseme na wenzetu wa Mtwara na Lindi wanaotafuta gari la michezo la zamani kutoka Ulaya, hasa Lotus Elan. Korosho ikilipa vizuri maswali huanza, na maneno ya wauzaji huwa yale yale: bodi yake ni ya faiba, kwa hiyo pwani ndiko mahali pake, kutu hailiwezi. Maneno hayo ni kweli nusu. Nusu iliyobaki ndiyo inayomaliza hela za watu.

Kwanza tuelewane ni gari gani. Elan tunayoisema ilitengenezwa Uingereza kuanzia 1962 hadi 1973, na ndugu yake mrefu mwenye viti vidogo nyuma, Plus 2, kuanzia 1967 hadi 1974. Injini ni ya cc 1558, bloku la Ford lenye hedi ya aluminiamu ya Lotus na kemu mbili juu. Elan ya kawaida nzima ina kilo kama 700. Ipo Elan nyingine ya 1989 hadi 1995 inayotangazwa kwa jina hilo hilo: hiyo inavutwa na magurudumu ya mbele na injini yake ni Isuzu. Uliza mwaka kabla ya kuuliza bei.

Sasa kutu. Chini ya ile bodi kuna chasisi ya chuma, mhimili mmoja unaopita katikati kama uti wa mgongo na kugawanyika panda mbele na nyuma. Ni bati lililokunjwa, unene wake haufiki milimita 2. Injini, gia boksi, difu, springi na magurudumu yote manne vimeshikwa na bati hilo. Upepo wa chumvi wa Shangani, au ule unaopita juu ya mashamba ya chumvi ya Lindi, hauna kazi na faiba. Unakwenda kwenye chasisi. Na kwa kuwa bodi haionyeshi uvimbe wala madoa ya kutu, gari linaweza kung'aa kama sahani huku uti wake umeoza.

Panapoanza kuoza ni kwenye minara miwili ya mbele inayobeba springi. Maji huingia humo na yana tundu dogo la kutokea. Tundu likizibwa na tope, maji hulala ndani. Boriti linalounganisha minara hiyo lina uwazi, na kiwanda kiliutumia uwazi huo kama tangi la vakyumu (mvuto wa hewa unaotoka kwenye injini) ya kunyanyulia taa za mbele, zile zinazojificha kwenye boneti. Hapo ndipo penye kipimo kizuri kuliko vyote, na hakina gharama hata kwa mtu aliye Masasi na gari liko London. Mwambie muuzaji akupigie simu ya video, awashe injini, anyanyue taa, azime injini, kisha aiache simu ikiziangalia taa kwa dakika 10. Kwenye magari ya mwanzo, vakyumu ndiyo inayozishikilia taa juu. Zikianza kusinzia, pana mahali panavuja: bomba la mpira, kibuyu cha vakyumu, au boriti lenyewe lina tundu la kutu. Mabomba ni kazi ya jioni moja. Boriti maana yake ni kushusha bodi nzima. Magari ya mwisho yaligeuzwa, vakyumu inazishika chini na springi ndiyo inayozinyanyua, kwa hiyo kwa hayo kipimo ni kinyume: taa zikiinuka zenyewe baada ya injini kuzimwa, ujue panavuja. Sababu ya kugeuza ni nyepesi kuielewa ukifikiria taa zinalala zenyewe usiku ukiteremka Mikindani.

Atakayelikagua gari kwa mkono alale chini na tochi na bisibisi. Agonge minara na mikono ya nyuma inayoshika difu. Bati zima linalia. Lililoliwa linatoa sauti butu. Atafute nyufa penye vishikio vya injini, viraka vya welding, na rangi nzito nyeusi iliyopakwa juzi, ambayo mara nyingi imefunika kitu. Bora kuliko yote ni gari lililokwisha kubadilishwa chasisi ikawekwa mpya iliyochovywa zinki, na risiti yake ipo. Lotus wenyewe walikuja kuziuza hizo. Gari la namna hiyo lenye rangi iliyopauka lina thamani kuliko lililopigwa rangi upya juu ya chasisi ya 1968. Hata hivyo zinki nayo hailindi milele. Ukitoka ufukwe wa Msimbati, osha chini kwa maji yasiyo na chumvi siku hiyo hiyo, na uzibue yale matundu ya minara kwa waya.

Mambo mawili ya gereji zetu hayafai kabisa hapa. Moja ni kuchomelea chasisi bodi ikiwa juu yake: faiba inashika moto, na tangi la petroli liko kwenye buti. Jingine ni kupuliza oili chafu chini ya gari kuzuia kutu. Oili hiyo inakula mipira ya Rotoflex. Mipira hii ni minne, miwili kila upande, inaunganisha shafti za magurudumu ya nyuma, na kila mmoja umeshikwa na bolti 6. Ikichoka, gari linaruka-ruka ukiondoka taratibu. Ikipasuka ukiwa kasi, shafti inapiga chasisi kama rungu. Ukiona ufa wa kuingiza ukucha, au mpira unaachana na chuma chake, badilisha yote minne pamoja. Wengine huitoa na kuweka shafti za jointi za CV, na kwa mtu wa huku, aliye mbali na spea, hatuoni kosa.

La tatu linastahili aya yake. Magurudumu ya mbele yanageukia kwenye kipande cha shaba nyeusi chenye nyuzi, kiitwacho trunioni, kilichochukuliwa kwenye magari ya Triumph. Kipande hiki hakitaki grisi. Kinataka oili ya gia namba 90, kila baada ya kilomita kama 5,000, hadi ile mpya itokeze juu. Fundi akiona nipeli anashika pampu ya grisi, ndivyo alivyozoea, na kwenye Hilux yuko sahihi. Humu grisi inaganda, haifiki kwenye nyuzi za chini, maji yanabaki hapo, chuma kinaliwa bila kuonekana, na siku moja kinakatika unapokata kona. Gurudumu linalala chini ya gari. Dalili ya mapema ni usukani kuwa mzito na kutorudi wenyewe. Kama historia ya gari haijulikani, fungua pande zote mbili, safisha nyuzi kwa petroli, tazama kama zimelika au zina vishimo vya kutu. Nyuzi za gurudumu la kushoto na la kulia zinazunguka kinyume, usizichanganye.

Na spana: bolti za gari hili ni za inchi. Spana namba 13 inaonekana kuingia kwenye kichwa cha nusu inchi, lakini ina nafasi ya milimita 0.3, nayo inatosha kukizungusha kichwa mpaka kiwe yai. Nunua seti ya inchi kabla gari halijafika.

Injini yenyewe ni imara kama haikuchemshwa. Tatizo lake ni pampu ya maji, iliyojengwa ndani ya kava la mbele la cheni. Kuitoa kunadai kufungua kava hilo, na kava limebanwa kati ya hedi na karta (bakuli la oili chini ya injini), kwa hiyo beringi ya bei ndogo inaleta kazi ya siku kadhaa. Shika feni, itikise mbele na nyuma. Ikicheza, au ukiona maji yanadondoka kwenye kitundu chini ya pampu, punguza bei au ondoka. Kinachoiua ni mkanda uliokazwa mno. Ukiubonyeza kwa kidole katikati uingie kama milimita 13. Kuna kava zilizoboreshwa ambazo pampu yake hutoka peke yake, na injini ikifunguliwa kwa sababu yoyote ile, weka hiyo.

Maji ya kisima ya pwani msiyatie kwenye rejeta. Yana chumvi, na hedi ya aluminiamu juu ya bloku la chuma hailihimili hilo. Njia za maji zinalika, gasketi inafuata. Tumia maji safi ya kuongezea betri (si asidi) au ya mvua yaliyokingwa safi, nusu kwa nusu na kulanti. Oili iwe 20W-50. Cheni ikipiga kelele, kuna bolti ya kuikaza ubavuni mwa kava. Kama bolti imeshaingia mpaka mwisho, cheni imekwisha.

Moto unatutia wasiwasi kuliko vyote. Magari mengi haya yana kabureta mbili za Weber, na distributa, inayorusha cheche, iko chini yake. Kabureta ikivuja, petroli inadondokea hapo. Badilisha mabomba yote ya petroli kwa mapya yenye maandishi ya R9, kuanzia kwenye tangi hadi mbele, hata kama ya zamani yanaonekana mazima. Kabureta zinakaa juu ya pete za mpira, na nati zake hazikazwi mpaka mwisho: mwanya wa kama milimita 1 unaachwa kwenye washa zake za springi. Fundi anayekaza kwa nguvu zote anazuia kabureta kucheza, mtetemo wa injini unatoa petroli povu, gari linakosa nguvu, naye anaanza kubadilisha plagi. Mtungi wa zimamoto wa unga wa kilo 2 ukae ndani, miguuni mwa abiria, usiwekwe kwenye buti.

Umeme ni habari fupi. Faiba haipitishi umeme, hivyo kila taa ina waya wake wa ethi, na taa ikififia anza huko kabla hujabadilisha balbu. Huku kwetu kuna jambo la ziada: katikati ya mwaka salfa inapulizwa kwenye mikorosho, na vumbi lake linaifanya shaba iwe nyeusi. Safisha vichwa vya waya kwa msasa laini na upake vaselini kabla ya msimu. Magari ya mwanzo yana ethi ya chanya, yaani upande wa chanya wa betri ndio uliofungwa kwenye chasisi. Anayefunga redio au chaja ya simu bila kuangalia anaiunguza papo hapo.

Gia boksi ni ya Ford, haina maneno. Ubao wa dashibodi utapasuka kwa jua. Weka gari kivulini. Jeki isiwekwe kwenye sakafu ya faiba, iwekwe chini ya chasisi na kipande cha mbao.

Kodi sasa. Chukua gari lenye thamani ya shilingi milioni 60 pamoja na bima na meli. Ushuru wa forodha wa 25% ni milioni 15. Juu ya milioni 75 unawekwa ushuru wa bidhaa, 5% kwa ukubwa wa injini na 30% kwa kuzidi miaka 10, yaani milioni 26.25. VAT ya 18% inaongeza kama milioni 18.2. Hiyo ni milioni 59 na nusu, bado tozo ya reli na nyingine ndogo. Viwango hupitiwa kila bajeti, na gari adimu kama hili usitegemee kulikuta kwenye kikokotoo cha TRA, kwa hiyo omba tathmini mapema na uipate kwa maandishi. Linganisha namba iliyo kwenye bati ndani ya boneti na kadi ya Uingereza, ile V5C: kwa magari ya kabla ya 1970, Elan za kawaida huanza na 26, 36 au 45, Plus 2 huanza na 50. Namba ya bati na ya kadi zisipolingana, mzigo utakwama.

Yaliyouzwa Marekani yana usukani wa kushoto. Kulipita lori la makaa ya mawe ukiwa umekaa upande huo, kwenye gari linalofika kiunoni mwa mtu, ni kumwomba abiria akuchungulilie. Kutoka Dar es Salaam lipakieni kwenye lori. Kilomita 560 zenye matuta, na mahali kama Somanga ambako kimbunga Hidaya kilikata barabara Mei 2024, si safari ya kwanza ya gari lenye nafasi ya sentimita 15 chini na trunioni ambazo hamjazifungua.

Anayetaka raha ya gari dogo la wazi bila haya yote, Mazda MX-5 ya 1989 na kuendelea ilibuniwa kwa kuitazama Elan hii hii, na spea zake zinapatikana Japani. Yenyewe huoza chini ya milango, hapo karibu na gurudumu la nyuma. Gonga hapo kwanza.

Mafundi wa magari ya zamani,
Mtwara