Kabla hujaja kupanda Ben Nevis

Fort William, Uskoti
Januari

Rehema ndugu yangu,

Salamu nyingi. Mimi sijambo, ila baridi ya huku haina huruma. Nimefurahi mno kusikia unakuja mwanzoni mwa Februari na unataka tupande Ben Nevis. Tutapanda. Lakini ulivyoandika kwamba mita 1,345 si kitu kwa aliyefika Uhuru, umeninyima usingizi.

Kilimanjaro ulikuwa na kiongozi na wapagazi, na kilichokutesa ni hewa nyepesi. Hapa hakuna geti wala wa kukuandika jina. Unaanza karibu na usawa wa bahari, mzigo wako mgongoni. Njia yenyewe ilichongwa kwa ajili ya kituo cha hali ya hewa kilichofanya kazi kileleni tangu 1883 hadi 1904, na kiangazi inajaa watu, watoto wamo. Sasa hivi, ukishavuka kijito cha Red Burn, huioni tena. Kona zake zote zimefukiwa, mbele ni mteremko mweupe mgumu kama sakafu. Miiba ya chuma tunaifunga viatuni kabla ya kuukanyaga, na sururu ya barafu inakaa mkononi, si mgongoni.

Kileleni ndiko ninakokuhofia zaidi. Ukungu ukishuka, theluji na mbingu ni rangi moja. Upande wa kaskazini upepo umeisukuma theluji ikapita ukingo wa jabali, ikaning'inia. Ukiitazama unadhani ni ardhi, kumbe chini yake ni hewa tupu. Kwa hiyo tunarudi kwa dira: kutoka nguzo ya kileleni, nyuzi 231 za ramani kwa mita 150, ukihesabu hatua, kisha 282. Ukikata kulia mapema, unaelekea korongo la Gardyloo; ukipotoka kushoto baadaye, ni Five Finger, na watu wamefia humo. Yakariri hayo hata kama nitakuwa mbele yako.

Na kukitulia, jamani! Magofu ya kile kituo huota barafu mithili ya manyoya, ncha zote zikielekea upepo ulikotoka. Nakutamania sana ukayaone.

Tutatoka kabla hakujapambazuka, maana jua linazama mapema. Taarifa ya maporomoko ya theluji ikiwa mbaya, hatupandi, tutatembea bondeni. Niandikie wiki hii unavaa kiatu namba ngapi, nikuwekee miiba ya kukodi.

Wako,
Asha