Barua kwa vijana wangu wa shifti ya pili Amarillo, Texas: hizo dola 18 mnazotangaza nyumbani

Wanangu, na nyinyi mliotua juzijuzi ambao ile mifuko myeupe ya IOM, lile shirika la uhamiaji lililowapandisha ndege, bado iko juu ya kabati, marahaba wote, hata wale ambao siku hizi mnanipita dukani bila kuniamkia.

Nawasikia. Pale paking ya kiwanda kabla ya saa tisa mchana, simu iko kwenye spika, mtu anamwambia shangazi yake Kigoma "mimi huku nalipwa dola 18 kwa saa", na shangazi si mjinga, anapiga hesabu hapohapo, 18 mara 8 mara siku 30, anapata dola 4,320, na kesho yake asubuhi unaamka na meseji tatu, paa limevuja, ada ya mtoto, kuna kiwanja kinauzwa bei ya bure. Halafu unakuja kwangu kulia eti ndugu wa Afrika hawana huruma. Jamani, nani kawapa hiyo namba?

Mimi mwenyewe niliitoa. Mwaka 2010 nimeanza na dola 11 kwa saa, nikachukua kipande cha boksi la buti za kazi nikaandika 2,640 kwa kalamu nene kabisa, nikampigia mdogo wangu kambini Nyarugusu nikamwahidi pikipiki. Cheki ya kwanza ya wiki mbili kamili ikaja 700 na ushee. Nilienda ofisini mbio na aproni yangu kusema nimeibiwa, yule mama wa ofisi akachukua kalamu nyekundu akaanza kuzungushia mstari mmoja mmoja, hii ya serikali, hii ya uzee wako, hii ya bima uliyosaini wewe mwenyewe, sahihi yako hii hapa. Nilitamani ardhi ipasuke. Pikipiki ilikuja kununuliwa baada ya miaka miwili, na mdogo wangu mpaka leo akinitania anaanzia hapo.

Sasa tuangalie stabu, ile karatasi ya cheki inayoonyesha mshahara na makato yake. Najua mnaangalia namba ya chini tu mnaitupa kwenye gari, ila leo tuishike. Kuna kijana wa kwetu aliniletea ya kwake mwaka 2024, hajaoa, hana mtoto, dola 18, saa 80 kwa wiki mbili. Juu kabisa, grosi, yaani mshahara kabla ya makato, 1,440. Kabla ya kitu chochote bima ya afya imetoka, dola 60, na hiyo inatoka kabla ya kodi kwa hiyo inakupunguzia na kodi yenyewe. Imebaki 1,380. Hapo inakuja FICA, ambayo ni watu wawili kwenye kiti kimoja, Social Security, yaani pensheni, asilimia 6.2 na Medicare, yaani bima ya afya ya wazee, 1.45, jumla 7.65, haina msamaha kwa mwenye watoto wala asiye na watoto, kwake ilikuwa dola 105.57. Msiitukane sana hiyo, mwajiri naye anaweka kiasi kilekile upande wake, na mimi mnayeniona nimekaa barazani nakunywa chai saa nne asubuhi ndiyo inanilisha, ila lazima ufikishe pointi 40, yaani kama miaka kumi ya kazi. Aliyefanya kazi za kulipwa mkononi bila karatasi miaka yote hiyo hana kitu huko.

Baada ya FICA kuna kodi ya mapato ya Washington, yaani serikali kuu, na hapa ndo watu wanachanganyikiwa. Mashine inachukua 1,380 inazidisha mara 26, kwa sababu wiki mbilimbili kwa mwaka ni cheki 26, inapata 35,880. Inaondoa 14,600 ambayo kwa mwaka ule mtu mmoja haikatwi kodi kabisa, inabaki 21,280. Ile 11,600 ya kwanza inakatwa asilimia 10, kinachozidi asilimia 12. Jumla ya mwaka 2,321.60, gawa kwa 26, dola 89.29 kila cheki. Texas haina kodi ya mapato ya jimbo, mshukuru kwa hilo hata kama upepo wa huku hauna adabu. Kwa hiyo kijana akaondoka na 1,185.14, gawa kwa saa 80, ni dola 14.81.

Hiyo ndo saa yake ya mkononi, kumi na nne na senti themanini na moja. Hivyo viwango vinasogea kidogo kila mwaka ila njia ni ileile. Na kama hutaki kusumbuka na mashine, kwa mtu mmoja wa Texas mwenye mshahara kama huu na bima kama hiyo, kila dola shika senti 80, ikizidi ni bahati yako. Mwenye mke na watoto anakatwa pungufu ya hapo, mradi kwenye W-4, ile fomu ya kazini inayosema ukatwe kodi kiasi gani, amewaandika, maana nimekuta baba wa watoto wanne ameacha ile sehemu ya tatu tupu mwaka mzima.

Mimi lakini sikuishia hapo na yule kijana. Nikamuuliza, unatoka nyumbani saa ngapi? Kiwanda kiko mbali, dakika 45 kwenda, dakika 45 kurudi, na ile nusu saa ya kula hailipwi, upo ndani, umevaa hilo vazi zito, kisu kiko kiunoni, ila saa imesimama. Siku moja inakula saa kumi za maisha yake na analipwa nane. Wiki mbili ni saa 100. Halafu gari hana, anamlipa mwenzake 35 kwa wiki ya raidi, hiyo ni 70. 1,185.14 toa 70, gawa kwa 100. Dola 11.15. Alinyamaza. Akaniomba kalkuleta apige mwenyewe, akapiga mara mbili, akapata ileile. Wiki iliyofuata alihamia apatimenti ya karibu na kiwanda, kodi ya nyumba imezidi dola 60 kwa mwezi na kafuta raidi ya 140 na zaidi, na analala.

Overtaimu. Kuna uongo unatembea humo kwenye laini kwamba overtaimu yote inaliwa na kodi kwa hiyo bora ukae nyumbani Jumamosi. Kukaa nyumbani ni haki yako, mgongo ni wako, ila usiseme ni kodi. Ukizidisha saa 40 kwa wiki unalipwa mara moja na nusu, 18 inakuwa 27. Saa 20 za ziada ndani ya wiki mbili ni 540, na kwa mshahara wa yule kijana hata ukijumlisha hizo bado hajavuka kwenye asilimia 12, kwa hiyo inakatwa 12 na 7.65, anabaki na 433.89, karibu dola 21.70 kwa saa. Nyingi kuliko saa ya kawaida. Na ile sheria ya 2025 mnayoisikia eti overtaimu haina kodi, sikilizeni vizuri, ni kuanzia 2025 mpaka 2028, na ni ile nusu ya juu tu, yaani dola 9 kati ya 27, unaitoa kwenye mapato unapojaza fomu za kodi, mwisho 12,500 kwa mwaka kwa mtu mmoja. FICA inakatwa kama kawaida.

Wengine naona mnataka kuhamia Columbus kwa sababu binamu amesema huko ni dola 19. Sawa, nendeni kwa ajili ya binamu, nendeni kwa ajili ya kanisa. Kwa ajili ya dola moja hapana. Ile dola ya kuzidi, senti 20 zinakwenda Washington palepale. Mji wa Columbus una kodi yake asilimia 2.5 ya mshahara wote, karibu senti 47 kwa saa, halafu jimbo la Ohio nalo, kwa mshahara huo na viwango vya 2024, kama senti 30. Jumlisheni wenyewe. Na bado hujakodi lori la kuhamisha makochi.

Na kazi za 1099, zile unazohesabiwa umejiajiri mwenyewe, za kusafisha maofisi usiku au kupeleka chakula na gari lako, mtu anakwambia 22 kwa saa hakuna makato. Makato yapo, umepewa wewe uyakate. FICA zote mbili, ya kwako na ya mwajiri, asilimia 15.3, kodi ya mapato juu yake, petroli yako, tairi zako, bima hakuna. Mtu asiyeweka pembeni kila wiki, Aprili tarehe 15 inamkuta uchi.

Hapohapo niseme lile la W-4. Kuna fundi wenu humo anawafundisha muandike Exempt, yaani msikatwe kodi ya mapato, ili cheki inenepe. Inanenepa kweli. Kuna mmoja cheki yake ilinenepa kwa dola 90 kila wiki mbili, akanunua tivi ya ukutani, mwanzoni mwa mwaka uliofuata akadaiwa zaidi ya 2,300 na tivi imeshapasuka kioo.

Mwenye nyumba atakuuliza grosi. Atasema unaingiza 3,120 kwa mwezi basi nyumba ya 1,040 unaiweza. Hiyo ni hesabu yake yeye. Wewe chukua cheki mbili za mkononi, 2,370, ndo uanzie hapo, kodi ya nyumba, umeme, chakula, ule mkopo wa tiketi ya ndege ambao hauna riba ila unadaiwa, na cha kutuma. Kuna miezi miwili kwa mwaka inakuja na cheki tatu. Hiyo ya tatu usimtajie mtu kwenye spika.

Na shangazi mwambieni ukweli. Mwambieni dola 11, ongezeni kwamba nyumba inakula karibu nusu. Atanuna wiki moja, atapona.

Jumamosi hii niko nyumbani kuanzia saa nane. Njooni na stabu zenu, mbili za mwisho, mkate namba ya Social Security kwa kalamu kabla hamjanionyesha, kalkuleta ninayo na ile kalamu nyekundu ninayo. Mama yenu anapika sombe. Asiye na stabu aje na mkate.

Mimi babu yenu wa jengo la nyuma