Barua kwa Mwanaidi: tupime dunia kwa kivuli

Kigoma,
12 Agosti

Mpendwa Mwanaidi,

Salamu nyingi kutoka mwisho wa reli. Mimi ni mzima, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu, kama tulivyofundishwa kuandika. Usicheke. Safari hii umbali huo wenyewe ndio nautaka: wewe na darasa lako la sita huko Tanga, mimi na langu huku.

Kwanza nikujibu ile ya kupima asidi na besi kwa rangi ya rosela. Nimeijaribu. Tulichemsha rosela kavu, juisi tukaigawa kwenye chupa za maji zilizokatwa. Ndimu ikaizidishia wekundu, maji ya majivu yakaigeuza kijani kichafu, na magadi vilevile. Halafu kijana mmoja akamimina mawese aliyokuja nayo kutoka kwao, akakaa kusubiri rangi. Mawese yakaelea juu, basi. Muda uliobaki tukabishana kwa nini mafuta hayazami, asidi na besi zikawa kiporo cha Jumatatu. Sijuti hata kidogo.

Sasa kivuli. Tangu tuanze kazi tunawaambia watoto kwamba saa sita mchana jua liko utosini. Wananakili, wanakariri, wanapata vema. Mwaka huu mwanzoni mwa Machi, siku zile jua linapopita juu yetu kuelekea kaskazini, nikaamua tutoke nje tukaone. Kabla ya kutoka kila mtoto aliandika kwenye daftari saa anayodhani kivuli kitakuwa kifupi kuliko chote. Karibu wote waliandika saa 6:00 kamili, na wengine walishangaa kwa nini nauliza jambo ambalo nimeshalifundisha mwenyewe.

Tukasimika mwanzi wenye urefu wa mita moja juu ya ardhi, tukaunyoosha kwa timazi ya kuazima kwa fundi anayejenga jirani. Saa sita ikafika. Kivuli kipo, kimelala upande wa ziwani, na rula ya sentimita 30 haikitoshi! Wakanitazama. Nikanyamaza. Kengele ya chakula ikalia, hakuna aliyeondoka. Wakawa wanapokezana kwenda kula ili kokoto za kuweka alama zisikose mtu. Kivuli kikazidi kujikunja, saa 6:30, saa 6:50, saa 7:00. Ilipofika kama saa 7:12 kikawa hakionekani, kimeingia chini ya mwanzi. Dakika chache baadaye kikachungulia upande wa pili, upande wa vyoo, na kelele zilizopigwa pale zilimtoa mwalimu mkuu ofisini. Aliuliza kama hicho nacho kitatoka kwenye mtihani. Nikamwambia sijui, na kweli sijui.

Swali lenyewe lilitoka kwa binti mmoja mpole ambaye huwa hanyooshi kidole: "Mwalimu, kwa hiyo saa ya ofisini inadanganya?"

Hapo ndipo nilipopata somo la wiki nzima. Saa ya Afrika Mashariki imepangwa kwa longitudo ya digrii 45 mashariki, na mstari huo haugusi Tanzania popote. Unapita Somalia, karibu na Mogadishu. Dunia inazunguka digrii moja kila dakika nne. Sisi tuko kwenye digrii 29.6 hivi, kwa hiyo jua likishafika utosini kwa watu wa kule linahitaji saa nzima na ushee kutufikia. Kuna na dakika nyingine kama kumi na moja ambazo jua lenyewe huchelewa mwanzoni mwa Machi, kwa sababu dunia haiendi mwendo mmoja mwaka mzima na mhimili wake umeinama. Hizo sikuziingia sana, darasa la sita lina mipaka yake.

Ndiyo maana nakuandikia. Tanga na Kigoma zote ziko karibu digrii 5 kusini mwa ikweta, lakini zimepishana kilomita 1,050 hivi kwa mstari ulionyooka. Jua linaporudi kusini litapita juu ya miji yote miwili karibu siku moja, tarehe 5 Oktoba au jirani yake. Tupime siku moja, kila mmoja kwake, halafu tupigiane simu watoto wasomeane saa zao. Kwa hesabu zangu kwenu itakuwa kama saa 6:12 na kwetu kama saa 6:50, si 7:12 tena, maana zile dakika kumi na moja za Machi, Oktoba jua huziwahi badala ya kuzichelewa. Namba hizi ni zako wewe, watoto usiwaambie! Wakizijua watazipata hata kama anga imejaa mawingu.

Tukishapata tofauti ya dakika, wapime umbali kwa uzi kwenye ramani ya ukutani, kisha wagawanye. Siku ina dakika 1,440. Ikiwa jua linatumia dakika 38 kwa kilomita 1,050, kuizunguka dunia yote ni kama kilomita 39,800. Vitabu vinatoa 40,075 kwenye ikweta. Eratosthenes, mwanazuoni wa kale wa Aleksandria huko Misri, alifanya kazi ya namna hii zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, ila yeye alilinganisha miji ya kaskazini na kusini kwa pembe ya kivuli. Hakuwa na simu ya kumuuliza mtu wa mji wa pili ni saa ngapi.

Nakuomba uangalie mambo haya. Mwanzi usimame wima kabisa, maana ukiinama digrii moja tu upande wa mashariki au magharibi umeshakosea dakika nne. Usitegemee jicho kujua kivuli kimeisha lini, ncha yake haina makali. Chora duara lenye nusu kipenyo cha sentimita 15 kuzunguka mwanzi, andikeni saa ncha inapoingia ndani ya duara na saa inapotoka, katikati ya hizo mbili ndiyo adhuhuri yenu. Na saa iwe ya simu. Kosa la dakika mbili linainenepesha au kuikondesha dunia kwa kilomita kama 2,000, ingawa hata hilo litawafundisha kitu.

Najua utaniambia habari ya vifaa. Sisemi tuache kuvidai. Darubini ndogo na vipimajoto tunavihitaji, na nimeshaandika barua za kuomba hadi wino umechacha. Ila jua halipitii stoo.

Kwenu vuli inaweza kuanza mapema, hivyo tuweke tarehe 4, 5 na 6 zote, tutumie siku ambayo anga iko wazi pande zote mbili. Nijibu kabla ya mwisho wa mwezi ili niombe ruhusa ya kubadilisha ratiba. Na uangalie kama uwanja wenu una sehemu isiyofunikwa na miembe mchana; ukikosa, omba kiwanja cha msikiti au cha jirani yeyote. Dagaa nitakutumia kwa mdogo wangu anayekuja Tanga mwezi ujao, usinitumie hela.

Wasalimie shemeji na watoto.

Ni mimi mwenzio,
Rehema