Kabla ya kubishania .com au .ug

Ndugu Mhariri,

Wafanyabiashara wa Kampala wakitaka tovuti hubishania kwanza kiishio cha anwani: .com, .ug au .co.ug? Swali hilo lina jibu fupi. Gumu ni lile lisiloulizwa: nani ameandikishwa kuwa mwenye jina la tovuti?

Tuanze na lile fupi. Ukiwa na duka la dawa Wandegeya, au unasambaza maziwa Mbarara, chukua .ug au .co.ug. Mteja akiiona anajua uko wapi, na majina mazuri bado yanapatikana, ilhali kwenye .com, iliyoanza 1985, maneno mafupi yalishachukuliwa zamani. Mwenye stoo Kikuubo anayepakia mizigo ya Juba, Bunia na Goma, huyo .com inamfaa zaidi. Ipo pia .africa, iliyofunguliwa 2017, ingawa wengi hawajaizoea. Shule zina .sc.ug, vyuo .ac.ug, mashirika .or.ug. Ile .go.ug ni ya serikali, usiiulizie.

Wengi hudhani wakilipia kiishio kimoja wamepata vyote. Jina lile lile kwenye .ug, .co.ug na .com ni anwani tatu, na zinaweza kuwa na wenyewe watatu, mmoja wao tapeli. Redio nayo ina tabu yake: msikilizaji atasikia "nukta yu-ji", lakini vidole vitaandika .com kwa mazoea. Mfuko ukiruhusu sajili zote mbili, moja ibebe tovuti, nyingine imwelekeze mgeni huko.

Jina lenyewe lichagueni kwa sikio. Anwani za kawaida hupokea herufi a hadi z, tarakimu na kistari tu, na kistari hakianzi wala hakimalizi. Ritifaa haikubaliki, kwa hiyo ng'ombe wetu ataandikwa ngombe, apende asipende. Kistari chenyewe hatukishauri: jaribu kukitaja kwenye simu huku bodaboda zikipiga honi.

Viishio vya bure viogopeni. Mwaka 2023 Gabon iliichukua tena .ga mikononi mwake, na majina ya bure yaliyokuwa humo yakafutwa.

Sasa lile gumu. Mara nyingi fundi anayetengeneza tovuti ndiye anayesajili jina, kwa barua pepe yake na kadi yake ya benki. Mwaka wa kwanza shwari. Kisha kadi inaisha muda, fundi keshahama, malipo yanakwama, na tovuti na barua pepe vinazimika pamoja. Kwa .com msajili, yaani kampuni inayouza majina, hutakiwa kutuma ukumbusho karibu mwezi mmoja kabla, tena wiki moja kabla, lakini ukumbusho huo unakwenda kwa fundi. Wapo wanaojiandikisha wenyewe na bado wakajifunga, kwa kuweka barua pepe iliyo kwenye jina hilo hilo: jina likizimika, sanduku linazimika nalo. Tumieni barua pepe ya kwingine.

Jina la .com likishafutwa na msajili kuna siku 30 za kulikomboa, kwa ada kubwa kuliko ya kawaida, halafu siku 5 za kusubiri, kisha yeyote anaweza kulichukua. Kwa .ug taratibu ni nyingine; muulizeni anayewauzia kabla ya kulipa, pamoja na bei ya mwaka wa pili, kwa kuwa ile ya mwaka wa kwanza huwa chambo.

Kukagua ni kazi ya dakika mbili. Kwa .com andika jina lako kwenye lookup.icann.org, kwa .ug kwenye registry.co.ug. Jina la mwenyewe likiwa limefichwa usishtuke, siku hizi ni kawaida. Tazama msajili ni nani na tarehe ya mwisho ni lini.

Ukikuta limo mikononi mwa fundi, fungua akaunti yako kwa msajili yule yule, fundi alisogeze humo, na mwenye jina aandikwe kama cheti cha URSB, ofisi ya usajili wa biashara Uganda, kinavyosomeka. Kulihamishia kwa msajili mwingine kunahitaji lifunguliwe kufuli na upewe nywila ya kuhamisha. Angalia utaratibu: ukibadili mwenye jina la .com, uhamisho unaweza kuzuiwa siku 60.

Na kabla hujagusa seva za majina, zile zinazoonyesha tovuti na barua pepe za jina lako ziko wapi, nakili rekodi zake zote, hasa MX inayopeleka barua pepe. Ikisahaulika, tovuti itafunguka vizuri kabisa na barua hazitafika, wala hutajua mpaka mteja apige simu kuuliza mbona ankara yake haijajibiwa.

Mafundi wa seva,
Ntinda, Kampala