Barua kwa Mhariri: Mtuambie chakula na saa yake, si jina la restora tu

Ndugu Mhariri,

Mgeni akifika Goma, mji wetu wa mashariki mwa Kongo kando ya Ziwa Kivu, akauliza pa kula, majibu anayoyasoma magazetini karibu yote huanzia ziwani: meza iliyo karibu na maji, bustani, taa za jioni. Hayo ni ya macho. Naandika kuomba gazeti lenu libadili namna ya kutuelekeza, kwa sababu katika mji huu jina la restora halitoshi. Jikoni ileile, chini ya mpishi yuleyule, inaweza kukupa sambaza, samaki wetu wadogo wa ziwani, watamu wiki hii na wiki ijayo ikakupa sambaza wachungu. Mpishi hajabadilika. Kilichobadilika ni mwezi angani.

Niwaeleze. Sambaza si samaki wa asili wa Ziwa Kivu. Waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, wakazaana, na leo ndio samaki anayelisha watu wengi zaidi kandokando ya ziwa hili. Wanavuliwa usiku, kwa mitumbwi mitatu iliyoungwa kwa miti mirefu, taa zikining'inia juu ya maji na wavu ukishushwa katikati. Mwanga wa taa ndio unaowakusanya. Mwezi ukiwa mpevu, mwanga umetapakaa ziwa zima, samaki hawana sababu ya kuifuata taa, na wavuvi wengi hupumzika karibu wiki moja. Kwa hiyo anayekuambia katikati ya mbalamwezi kwamba sambaza wake ni wa leo, muulize tena kwa upole. Mara nyingi ni wa friza, au ni wakavu waliolowekwa. Sambaza wakavu si chakula kibaya, wakipikwa kwa nyanya na vitunguu ni watamu sana, lakini waitwe wakavu na bei yao iwe ya wakavu.

Siku ambazo giza ni la kutosha, mitumbwi hurudi alfajiri, na soko la Kituku hujaa kabla jua halijapanda. Kuanzia hapo saa zinahesabika. Sambaza ni mdogo, tumbo lake limejaa chakula alichokula usiku, na maji ya tumbo hilo hayaachi kufanya kazi kwa sababu samaki amekufa. Yanakula ukuta wa tumbo kutoka ndani. Bila barafu, kufikia alasiri utaona matumbo yamepasuka, na hapo uchungu umekwisha kuingia kwenye nyama. Hakuna ndimu wala pilipili inayouondoa. Mzuri anang'aa kama fedha, jicho lake jeusi na safi, tumbo limefungika, na ukimshika mkiani hajilegezi. Ushauri wangu ni mwepesi: sambaza waliwe mchana. Ukiwataka usiku, nenda kwenye restora yenye barafu na umeme wa uhakika, na hapo kweli restora za kando ya ziwa, upande wa mtaa wa Himbi, zina faida ambayo malewa, yaani vibanda vya chakula vya mtaani, hazina. Hiyo ndiyo sifa yao ambayo ningependa kuisoma katika gazeti, kabla ya bustani.

Baada ya samaki ni mafuta, na hapa ndipo sahani nyingi zinapoharibika. Mafuta yafike nyuzi 170 hadi 180. Jikoni hakuna kipimajoto, kuna kipande cha kitunguu: kikitupwa kikapanda juu mara moja kikizungukwa na mapovu, mafuta yako tayari, kikizama na kukaa chini, bado, kikiungua kabla hujahesabu kumi, yamezidi. Katika lita 2 za mafuta usitie zaidi ya gramu 400 za sambaza kwa mkupuo mmoja. Mteja akiwa na haraka, mama mpishi humimina kilo nzima, mafuta yanapoa ghafla, samaki wanaanza kuyanywa badala ya kukauka, na sahani inafika mezani ikiwa laini na nzito. Dakika 3 hadi 4 zinatosha. Wawe wameoshwa, wakakaushwa maji, wakatiwa chumvi, na wakipakwa unga uwe kidogo tu wa kushika ngozi. Unga ukiwa mwingi, unaficha kitu.

Mafuta yaliyorudiwa mara nyingi unaweza kuyajua ukiwa umekaa mezani. Samaki anatoka na rangi ya kahawia iliyokolea huku ndani hajakauka, harufu inakaribia ya rangi ya kupaka mlango, na midomo inabaki na utando. Ukiweza kuchungulia jikoni, tazama povu: mafuta mapya yanatoa mapovu makubwa yanayopasuka haraka, ya zamani yanatoa povu dogo linalokaa na moshi kabla hayajapata moto wa kutosha. Siwalaumu akina mama wa malewa, mafuta ni ghali. Lakini kuyachuja kila jioni kwa kitambaa safi hakugharimu kitu, maana makombo yaliyoungua chini ndiyo yanayoyachakaza mapema.

Samaki mkubwa wa kuchoma ana kanuni nyingine. Tilapia anatoka Kivu, wengine wanaletwa kutoka Ziwa Edward, kwa wavuvi wa Vitshumbi na Kyavinyonge, na wengine ni wa kufugwa, wanafika wamegandishwa ndani ya makatoni. Omba kumwona kabla hajapanda jikoni. Ombi hilo si utovu wa adabu, nyumba nzuri hukuletea kwenye sinia bila kuombwa. Mashavu yawe mekundu, nyama ikibonyezwa irudi. Aliyeganda, akayeyuka umeme ulipokatika na kugandishwa tena, nyama yake inamomonyoka kama bugali (ugali) iliyolala, na wa bwawani mara nyingi ana ladha ya tope. Mkubaliane bei palepale kwa huyo samaki mliyemwona, kwa sababu “samaki mkubwa” haina kipimo.

Kisha subiri. Tilapia mzima wa gramu 600 hadi 800 anahitaji dakika 25 hadi 35 juu ya makala (makaa) yaliyokwisha kuvaa majivu meupe. Akatwe mistari mitatu kila ubavu ili chumvi, tangawizi na kitunguu saumu viingie, na asigeuzwe-geuzwe, mara moja au mbili tu. Akifika baada ya dakika 10, alikuwa ameiva tangu zamani na amepashwa moto. Akifika mweusi nje na mwekundu mgongoni, amechomwa kwa ndimi za moto kabla makala hayajatulia. Mwenye njaa aagize samaki kwanza, ndipo aagize kinywaji.

Sasa malewa, ambazo magazeti huzipita kana kwamba si mahali pa kula. Watu wengi wa mji huu wanakula hapo kila siku: Birere, kandokando ya soko la Virunga, Majengo. Maharagi, sombe (majani ya muhogo), lengalenga (mchicha), ndagala (dagaa), bugali. Kwa chakula cha mchana, malewa nzuri ya Birere inashinda restora nyingi zenye vitambaa mezani, na sababu yake ni wingi wa wateja. Sufuria inamalizika, haikai.

Lakini saa ni muhimu. Goma iko zaidi ya mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hiki maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100. Tofauti inaonekana ndogo hadi upike maharagi. Makavu, bila kulowekwa, yanachukua saa mbili hadi tatu na zaidi, na makala ya Goma si bure. Anayetaka kuokoa makala huyatoa kabla, ngozi imelainika lakini ndani kuna unga mgumu, na maharagi mekundu ambayo hayakuchemka sawasawa yanaumiza tumbo vibaya. Dawa ni kuyaloweka usiku kucha, kumwaga maji yale, na kuanza moto mapema. Kwa hiyo malewa ifikiwe kati ya saa sita na saa saba na nusu mchana. Kabla ya hapo mara nyingi maharagi hayajawa tayari, baada ya hapo yameanza kupoa katika sufuria iliyoondolewa motoni. Bonyeza harage moja kwa ulimi dhidi ya kaakaa: lisagike bila jino.

Sombe nayo ina siri ambayo si siri. Majani ya muhogo yana sumu, na sumu hiyo inatoka kwa kutwanga na kuchemsha. Yatwangwe kwanza hadi yalainike kabisa, kisha yachemke sufuria ikiwa wazi, saa moja au zaidi, ndipo mawese, vitunguu, pilipili na ndagala viingie. Anayefunika mapema anarudisha mvuke uliotakiwa utoke. Wengine hutia magadi ili yaive upesi, na utayajua kwa rangi: kijani kinachong'aa kupita kiasi na utelezi mdomoni. Sombe iliyopikwa kwa subira ni kijani kizito, karibu na rangi ya mzeituni, na mafuta yameelea pembeni. Bugali yake ije ya moto, ukiikata isiwe na mabonge ya unga mkavu ndani.

Brosheti (mishikaki) za mbuzi hazihitaji maneno mengi. Vipande vya upana wa sentimita 3, kipande cha mafuta katikati ya kila viwili, dakika 12 hadi 15. Uliza kama ni nyama tupu au imechanganywa na matumbo, na kama ilichemshwa kabla. Iliyochemshwa ni laini lakini ladha yake imebaki kwenye maji. Viazi vya Masisi na Rutshuru vinavyoandamana nayo ni vizuri mno, vikikaangwa mara mbili: kwanza polepole hadi viive, vikapumzika, kisha moto mkali dakika 2. Makemba, ndizi za kukaanga, yawe ya manjano yenye mabaka meusi. Na jibini ya Masisi, ikatwe mbele yako kutoka kwenye duara zima. Vipande vilivyokatwa asubuhi vikiwa vinatoka jasho juani, viache.

Kuna jambo moja ambalo silionei aibu kulisema kwa ukali, nalo ni maji. Mji umejengwa juu ya mawe ya volkeno, maji yetu mengi ni ya ziwa, na kipindupindu hakijatuacha. Mboga mbichi zilizooshwa kwa maji ya ziwa yasiyotiwa dawa zinaweza kumlaza mtu hospitali hata kama samaki aliyeandamana nazo alikuwa bora kuliko wote. Mahali pasipo na chombo cha kunawia chenye bomba na sabuni, agiza kilichotoka motoni tu, acha kachumbari na barafu ya kinywaji. Hii iandikwe katika kila pendekezo mnalochapisha, hata kama ni la nyumba kubwa ya kando ya ziwa.

Na malipo. Tangu mabenki yafunge milango hapa Januari 2025, noti za faranga zimechakaa mno na baadhi ya wauzaji wanazikataa. Dola nayo ikiwa na mpasuko mdogo kama ukucha haikubaliwi kwenye meza yoyote, na noti ya dola 1 huleta mabishano. Uliza kabla ya kula: bei ni ya faranga au ya dola, na dola inahesabiwa kwa kiasi gani leo. Nyumba iliyobandika kiwango chake cha kubadilisha dola ukutani inastahili kusifiwa kwa hilo peke yake.

Ombi langu basi, Ndugu Mhariri, ni hili. Mkipendekeza mahali, semeni ni kwa chakula kipi na saa ngapi, samaki wanatoka wapi, kama kuna barafu, kama mteja anaonyeshwa samaki, kama bei imeandikwa. Pembeni wekeni tarehe ya mwezi mpevu, nafasi yake haizidi mstari mmoja. Na mwandishi mtakayemtuma aende mara mbili, mchana na saa mbili usiku, siku ya giza na siku ya mbalamwezi, aulize bei kama mteja mwingine yeyote, na asijitambulishe hadi awe amelipa.

Msomaji wenu,
Himbi, Goma