Mimi sio bibi wa kila mtu

Mhariri, naomba unipe nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua, kuna jambo linanikera siku nyingi na nimeona bora niliseme hapa kuliko kugombana na makonda mmoja mmoja.

Nina miaka 68, naishi Majengo hapa Moshi. Nilikuwa karani mpaka nikastaafu nikiwa na 60, na miaka yote hiyo nimeitwa Mama na jina la mwanangu wa kwanza, kazini hivyo, mtaani hivyo, kanisani hivyo. Afu sijui ilikuwa siku gani, nadhani ni pale nilipoacha kupaka piko mvi zikaonekana, nikaamka nimeshakuwa bibi. Konda wa daladala ya Kiboriloni, "bibi sogea huko ndani". Kijana wa vocha, bibi. Mwanamke anayeuza parachichi pale Mbuyuni, ambaye ukimwangalia vizuri na yeye ana wajukuu, bibi! Wanaume wenzetu hawapati shida hii, mwanaume akipata gari na kitambi ana miaka 40 anaitwa mzee na anafurahi, akifika 70 bado ni mzee yule yule. Sisi tunatolewa kwenye umama bila hata kuulizwa.

Mwezi uliopita nilienda hospitali moja hapa mjini kwa ajili ya presha, nikasindikizwa na mjukuu wangu wa form two. Dirisha la wazee nalishukuru sana, na neno mzee sina ugomvi nalo, Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 imesema mtu wa miaka 60 na kuendelea ndo mzee na mimi nimeshapita hapo. Ila yule binti wa kuandikisha aliniangalia mimi, afu akamgeukia mtoto, "bibi anaumwa nini?" Nimesimama hapo hapo, mkoba kwapani, kadi mkononi. Nikajibu mwenyewe. Akauliza tena, safari hii kwa sauti kubwa kama anaita mtu aliye ng'ambo ya mto, "bibi anatumia dawa gani?" na macho bado yako kwa mtoto. Dawa zangu nazijua kwa majina na miligramu zake, nimezitaja zote mbili na saa ninazomeza, na yeye anaandika huku anamwangalia mtoto kama anataka athibitishe. Mjukuu wangu aliinamisha kichwa, aliona aibu masikini, na njia nzima ya kurudi hakuongea. Yani ukishaitwa bibi na mtu asiyekujua, ujue akili yako nayo ameshaiweka pembeni, hapo ndo panaponiuma, sio umri.

Najua mtaniambia bibi ni neno la heshima. Lilikuwa. Bibi Titi Mohamed alizaliwa 1926, na mwaka 1955 alipoanza kuwaongoza akina mama wa TANU alikuwa hajafika hata 30, na ameitwa Bibi, maana wakati ule bibi alikuwa mwanamke wa kuheshimiwa, awe kijana awe mtu mzima. Na Mwalimu Nyerere amefariki 1999 ana miaka 77, hakuna aliyembadilishia akaanza kumwita babu, alikuwa Mwalimu mpaka anaingia kaburini na mpaka leo ni Mwalimu.

Sasa na nyie wa magazeti, Mhariri, nisameheni lakini nawagusa. Kila siku nasoma "ajuza wa miaka 65", "kikongwe afariki kwa moto", "bibi kizee aporwa". Ajuza wa 65? Huyo ni mdogo wangu! Na hiyo ki ya kikongwe na kizee ni kama mnataja kitu, sio mtu. Najua mtu atasema kijana nacho kina ki na hakuna anayelia, sawa, lakini kijana hakuna anayemuogopa. Huko Kanda ya Ziwa, Shinyanga na Mwanza, akina mama wameuawa kwa kuitwa wachawi sababu tu macho yao ni mekundu, na macho yale yameharibiwa na moshi wa kuni miaka 50 jikoni wakipikia hao hao watoto wao. Mtu aliyekuwa anaitwa mama ni vigumu kumshikia panga, akishakuwa kikongwe au bibi kizee kama yule wa kwenye hadithi za kutisha watoto, inakuwa rahisi. Andikeni jina lake na miaka yake, inatosha, msomaji atajua mwenyewe kuwa ni mtu mzima.

Na vijana wanaouliza sasa tuwaiteje, shikamoo si ipo jamani. Hata binti wa miaka 25 anaamkiwa shikamoo na watoto, haimtajii mtu umri wake. Sema shikamoo, nyamaza, usikilize mwenyewe anajitambulishaje. Mimi niite mama. Bodaboda mmoja wa kijiweni kwetu ananiita bi mkubwa na nalipenda kwa kweli.

Ila sitaki niwasemee wenzangu wote. Jumapili iliyopita baada ya ibada tulikaa na kikoba chetu nikawauliza. Mmoja akasema yeye anataka bibi, amesubiri wajukuu miaka mingi, aitwe na dunia nzima. Mwingine hakujaliwa mtoto, akasema mama nani na bibi nani vyote vinamchoma, aitwe jina lake alilobatizwa, na mimi namjua miaka 20 sikuwahi kufikiria. Wa tatu mwanae wa kwanza alishafariki, akasema msije mkaacha kuniita kwa jina la mwanangu, nikilisikia sokoni najua bado kuna mtu anamkumbuka. Tulinyamaza pale muda. Katibu akachukua daftari la michango, akafungua ukurasa wa nyuma, akaanza kuandika mmoja mmoja anavyotaka kuitwa. Mweka hazina wetu ndo bado, amesema anaenda kufikiria kwanza, atatuambia Jumapili hii.

Msomaji wenu,
Majengo, Moshi